Masika ya Mapipa Matatu

Jumatatu, 22 Februari 1993

Yamefika leo saa nne asubuhi: mapipa matatu ya karatasi ngumu, muhuri haujaguswa. Asidi ya isonikotini. Nimeyapokea mwenyewe, nimeyapanga mwenyewe ghalani juu ya mbao, mbali na ukuta unaovuja, na nimemfukuza kila aliyetaka kuchungulia. Miaka kumi na moja nimekuwa mkemia wa kiwanda kinachoshindilia unga wa wenzetu kuwa vidonge. Klorokwini ya watu, aspirini ya watu. Sasa tutapika ya kwetu, dawa ya kifua kikuu, hapa hapa Morogoro, na mpishi ni mimi. Kwa hiyo nimenunua daftari. Mtu akianza jambo la maana aliandike.

Mapishi yenyewe ni mafupi. Asidi hii inachemshwa na haidrazini, inasafishwa, inakaushwa, unapata isoniazidi. Mtungi wa kupikia tunao tangu mwaka juzi. Haidrazini iko bandarini Dar es Salaam inangoja vibali. Bwana Mikidadi, meneja wetu, anasema ni suala la wiki mbili. Kwa Bwana Mikidadi kila kitu ni wiki mbili.

Jumapili, 28 Februari

Nimepanda kwa Mjomba Gabrieli. Kutoka Bigwa ni saa tatu za kupanda, na magoti yangu hayakunificha kwamba sasa mimi ni mtu wa mjini. Mjomba ni kaka wa mama yangu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo baba nilimpenda lakini mjomba ndiye mwenye neno. Aliteremsha kabichi kichwani misimu sita ili mimi nisome kemia. Sijawahi kumlipa kwa lolote zaidi ya koti.

Kifua kikuu kilimshika Novemba. Miezi miwili alikwenda misheni kila siku, sindano na vidonge mbele ya macho ya Sista Yuliana. Sasa anatakiwa kwenda mara moja tu kwa mwezi kuchukua vidonge vya kumeza nyumbani, mpaka miezi sita itimie. Amenenepa, anapalilia njegere.

Nilimkuta na majirani wawili waliougua naye na kutibiwa naye: Fransisko mkata mbao, na Prisca, mama mwenye mtoto mdogo. Basi nikajisikia. Nikachukua mkaa nikachora sakafuni pete ya pembe sita, kona tano kaboni, kona moja nitrojeni, na mkia wa asidi ukining'inia. Nikawaambia kazi yetu ni kubadilisha mkia huo tu, mengine yote Mungu na Wazungu wameshayamaliza. Nikawaambia dawa iko ghalani kwangu, mapipa matatu, imebaki kuivishwa. Mjomba akamtazama Fransisko, akamtazama Prisca, kama vile yeye ndiye aliyeichora ile pete. Nimeshuka na karoti na furaha ambayo sijaipata tangu siku ya harusi.

Jumatano, 3 Machi

Mvua. Hakuna haidrazini.

Jumanne, 9 Machi

Mvua. Nimehamisha mapipa, ukuta wa pili nao umeanza kuvuja.

Ijumaa, 12 Machi

Bwana Mikidadi ametukusanya chini ya paa la kupakia mizigo akasoma barua. Kiwanda kimo kwenye orodha ya mashirika ya umma yanayotafutiwa wanunuzi. Kuna aliyeuliza kama tutauzwa na sisi, watu wakacheka. Mimi nikauliza habari ya haidrazini. Akasema bado inafuatiliwa, akakunja barua mara nne mpaka ikawa kama kibiriti. Huyu mtu ni mvivu. Ana simu mezani, kwa nini hapigi?

Jumatatu, 15 Machi

Wiki mbili zimekwisha. Bwana Mikidadi anasema wiki mbili.

Jumapili, 28 Machi

Ningependa leo isiwe na ukurasa.

Nimepanda kwa Mjomba na sukari na sabuni. Yuko vizuri, anakohoa kidogo, anasema ni ukungu. Nikamuuliza vidonge vya Machi alivichukua siku gani. Akasema hakuchukua. Nikadhani misheni wameishiwa. Akasema hapana, vipo. "Niteremke nikapange foleni kwa watu baki," akasema, "na mpwa wangu anapika? Sista atanionaje?"

Nikamuuliza Fransisko je, Prisca je. Akanijibu kwa raha kabisa kwamba nao amewazuia, amewaambia wasubiri za kwao. Amemaliza mwezi mzima akieleza mlimani, kanisani, kisimani, kwamba dawa ya kifua sasa inatengenezwa na mtoto wa dada yake.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na maneno yote. Mapipa yale si dawa, Mjomba. Mtu akimeza isoniazidi, mwili ukishaitumia unaivunja na kuitoa kwenye mkojo, na kinachotoka ni asidi ile ile niliyo nayo ghalani. Unaringia kitu ambacho wewe mwenyewe umekikojoa tangu Novemba. Teremka kesho asubuhi kwa Sista.

Sikusema hivyo. Alikuwa amemwita Prisca aje anisalimie, na Prisca alipiga goti na mtoto mgongoni. Nikasema, "Bado kidogo, Mjomba. Imekaribia sana." Mimi, msomi.

Alhamisi, 1 Aprili

Nimejiambia nitapanda Jumapili nikamweleze. Haidrazini ikifika kabla ya hapo sitakuwa na haja ya kueleza chochote.

Jumatatu, 5 Aprili

Jana sikupanda, na Mjomba hakusubiri. Saa tano mlinzi aliniita getini. Mjomba alikuwa amesimama kwenye mvua na koti nililompa, suruali imekunjwa hadi magotini, tope mpaka mapajani. Alikuwa ameshamweleza mlinzi amekuja kuchukua dawa ya ukoo. Mlinzi ananiheshimu, akampa kiti.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nimeona nisikusumbue kupanda na matope haya. Nipe hata kidogo, tugawane watatu."

Alikohoa kabla ya kumaliza, akafuta mdomo kwa kiganja, akakitazama kiganja haraka, akakificha.

Kila asubuhi kabla ya kazi tunapiga vidonge vya majaribio kuona kama mashine imekaa sawa. Ni wanga na sukari ya maziwa, hakuna dawa ndani yake. Vinakusanywa kwenye makopo kisha vinasagwa tena. Ni vyeupe, vina mstari katikati, na mtu asiyejua hawezi kuvitofautisha na isoniazidi. Nilikwenda chumba cha mashine nikiwa na nia ya kukaa humo mpaka nipate maneno. Nilitoka na kopo la vidonge elfu moja.

Nilijiambia ni vya kushikilia tu. Wiki mbili. Ndiyo, niliyatumia maneno hayo hayo.

Alilipokea kopo kwa mikono miwili. Akaniuliza kipimo. Nikamwambia kimoja asubuhi, kama vya Sista. Akaniombea dua hapo getini, mlinzi akavua kofia.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Sikwenda kanisani. Nimesema nina mafua.

Jumapili, 18 Aprili

Nimemwambia mke wangu. Scholastika alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Miaka yote nimemwona mwanamke mpole asiye na maoni, na nimekosea kwa hilo pia. Aliniuliza watoto wa Prisca ni wangapi. Nikasema mmoja, ananyonya. Akasema, "Nenda leo, Stephano. Usingoje viatu vikauke."

Nilisema kesho, kwa sababu mvua ilikuwa kubwa. Ilikuwa kubwa kweli, lakini Mjomba alishuka kwenye mvua kubwa kuliko hiyo.

Jumatatu, 19 Aprili

Mvua. Scholastika hasemi nami.

Ijumaa, 23 Aprili

Mvua. Njia ya juu imekatika mahali pawili, wanasema. Nilipata nafuu niliposikia, kisha nikajichukia.

Jumanne, 27 Aprili

Asubuhi Bwana Mikidadi amenifuata maabara mbio mbio: lori limeonekana Mikese, limeharibika, lina mapipa ya bluu ya kemikali. Tumekwenda na gari lake mwenyewe, maana la kiwanda limeshaorodheshwa kuuzwa. Njia nzima nilikuwa nikipiga hesabu ya mapishi: kuchemsha siku moja, kusafisha siku mbili, kukausha, kupima, kupiga. Siku tisa. Ndani ya siku tisa ningeweza kupanda na kopo la kweli, kuchukua lile jingine kimya kimya, na hakuna ambaye angejua.

Mapipa ya bluu yalikuwa ya mafuta ya kupikia kutoka nje. Dereva alikuwa amelala chini ya lori. Tulisimama hapo barabarani watu wazima wawili na tai zetu, malori ya mitumba yakitupita kwenda bara.

Wakati wa kurudi Bwana Mikidadi alinieleza yote. Haidrazini ilirudishwa na meli tangu Februari, kabla hata mapipa yangu hayajafika. Walioko juu wamekataa kusaini kibali kwa ajili ya kiwanda kinachouzwa. Ameandika barua kumi na nne, amelala Dar mara tano kwa shemeji yake. Nikamuuliza kwa nini alituambia wiki mbili. Akasema, "Mlikuwa mnanitazama usoni, bwana. Ningesema nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mpaka mwisho wa maisha yangu. Sikuweza.

Jumamosi, 1 Mei

Sikukuu ya Wafanyakazi. Hatukuandamana.

Alhamisi, 6 Mei

Mnunuzi amekuja kukagua. Kijana mstaarabu, amenisalimia shikamoo. Mashine hazitaki, mtungi anautaka kwa ajili ya chuma chake. Anataka jengo liwe ghala la sabuni na biskuti zinazoingia kutoka nje. Ghalani aligonga pipa langu kwa kidole akauliza ndani mna nini. Nikamweleza kwa kirefu, pete, mkia, kila kitu. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza kama inaweza kumwagwa, maana mapipa yenyewe ni mazuri.

Jumapili, 16 Mei

Fransisko alikuja nyumbani alfajiri. Mjomba anatema damu.

Tumepanda pamoja. Fransisko alikuwa anasimama kila hatua hamsini kukohoa, na mimi nikasimama naye, nikitazama mgongo wake. Alisema labda dawa yetu ni kali, ndiyo maana inatoa uchafu wote.

Mjomba alikuwa kitandani, beseni lenye majivu pembeni. Amerudi kuwa mifupa. Niliwatoa watu wote nje, nikapiga magoti, nikasema: "Mjomba, vile vidonge nilivyokupa havikuwa dawa."

Akasema, "Najua."

Nikadhani homa inamsemesha. Akapumzika, akaendelea polepole. Vya Sista vilikuwa na uchungu ukivichelewesha ulimini. Vyangu vilikuwa vitamu. Alijua tangu wiki ya kwanza.

"Sasa kwa nini uliendelea kumeza?"

"Watu walikuwa wanakuja kuniangalia nikimeza," akasema. "Ningewaambia nini? Kwamba mtoto wetu kanidanganya?"

Nimelia mpaka akaniambia ninyamaze, sauti inatoka nje. Nikamuuliza habari ya Fransisko na Prisca. Hapo alifumba macho. Akasema yeye mzee na wao bado wana nguvu, wanalima, wamepona. Kisha akaniomba neno moja: nisiseme chochote mlimani mpaka azikwe. Hataki kuzikwa na watu wanaocheka.

Tulimfunga kwenye machela, wanaume sita, tukamshusha misheni. Sista Yuliana alimchoma sindano hapo hapo. Akauliza, akinitazama mimi, ameacha kumeza dawa tangu lini. Nilifungua mdomo. Mjomba akanitangulia.

"Uvivu wangu tu, Sista," akasema. "Njia ni ndefu."

Jumatatu, 17 Mei

Tumechimba shimo nyuma ya kiwanda. Nimemwaga mapipa yote matatu kwa mkono wangu. Unga mweupe safi, usafi wa asilimia tisini na tisa, nilikuwa nimeupima mara nne. Mvua ikaanza, ukawa uji. Bwana Mikidadi alisimama nami hadi mwisho na mwavuli, akanifunika mimi akaloa yeye.

Alhamisi, 20 Mei

Misheni. Amekunywa uji vijiko viwili.

Jumamosi, 22 Mei

Mjomba Gabrieli amefariki leo saa mbili asubuhi.

Jumatatu, 24 Mei

Tumemzika jana juu, shambani kwa ukoo, karibu na dada zake waliotangulia. Mvua ilisita kidogo ikatuachia nafasi.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa. Kwetu mkubwa wa ukoo akifa jina lake haliachwi chini, anatafutwa mpwa wa kulishika, na neno lake linakuwa neno la marehemu. Hawakujadili hata kidogo. Waliniketisha kwenye kigoda chake, wakanivika koti lile lile, limefuliwa, bado lina unyevu. Wameniita Gabrieli.

Kisha mmoja baada ya mwingine walisimama kunisifu. Walisema marehemu alikuwa wa kufa mwezi wa tatu, dawa ya mpwa wake ndiyo iliyomsogeza hadi wa tano. Walisema wengine wana watoto Dar es Salaam na hawapati hata panado. Prisca alikuwa ameketi na wanawake, mtoto mapajani. Alitikisa kichwa kukubali kila neno.

Nilisimama. Nilikuwa na ruhusa sasa, amezikwa. Nikasema, "Ndugu zangu, mimi ndiye niliyemuua." Wanawake wakaangua kilio. Mama yangu akanishika mkono akanikalisha, akawaambia watu mwacheni, uchungu umemzidi.

Jumanne, 1 Juni

Ufunguo wa ghala nimeukabidhi. Nimetia sahihi mahali patatu.

Jumamosi, 5 Juni

Scholastika ameniambia jana kwamba atakwenda yeye kama mimi siendi, na alikuwa ameshavaa viatu. Leo nimekwenda kwa Sista Yuliana.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Kaa, Stephano."

Nimemweleza tangu mkaa na pete mpaka kopo. Hakunikatiza. Alifungua daftari lake la wagonjwa, akaligeuza nione. Mbele ya majina ya Mjomba, Fransisko na Prisca, Machi, Aprili, Mei, ameandika kwa mwandiko wake mzuri: wanapata dawa kiwandani. Alimtuma mtu kuwauliza walipokosa kuja, wakamjibu hivyo. Akasema alifurahi. Akasema alimshukuru Mungu kwa sauti siku hiyo, kwamba hatimaye tumeacha kuombaomba.

Nikamuuliza sasa itakuwaje. Akasema waletwe, wapimwe makohozi, waanze upya sindano za kila siku, kama wadudu bado wanaogopa dawa. Mgonjwa akikatisha dawa katikati, alisema, wadudu hujifunza. Alisema hivyo kwa upole, na ningependa angenipiga.

Jumapili, 6 Juni

Mvua imekwisha. Milima imeoga, unaona hadi barabara ya Dar. Nimepanda peke yangu.

Kwa Fransisko sikukaa. Alinisikiliza mlangoni hadi mwisho. Akaingia ndani, akatoka na vidonge vyake kwenye chupa ya dawa ya macho, akanipa. Akaniuliza kama Gabrieli alijua. Nikasema ndiyo. Akafunga mlango. Nilimsikia akikohoa ndani muda mrefu, na nilingoja labda atafungua.

Prisca alikuwa uani anaanika maharage. Alinikaribisha kwa jina langu jipya, akanipa kigoda. Mtoto wake ameanza kusimama. Nilimwambia. Safari hii sikuchora pete wala sikutaja asidi, nilisema maneno ambayo mtoto wa darasa la pili angeyaelewa: vidonge vile ni wanga na sukari, havitibu, nilidanganya, naomba unirudishie, na kesho nitakuja nikupeleke kwa Sista, mtoto nitambeba mimi.

Nikaona uso wake unabadilika, nikafikiri ameelewa. Nilijiandaa kutukanwa, na nilitaka kutukanwa.

"Nimesikia kiwanda kimepata mwenyewe," akasema.

Nikasema ndiyo, kimeuzwa.

"Ndiyo maana," akasema. "Ya bure yamekwisha. Sasa unapita kuvikusanya mkaviuze."

Nikamwambia hakuna wa kuviuza, kiwanda sasa ni ghala la sabuni. Nikamwapia kwa kaburi la Mjomba. Akasema Mjomba alivimeza mbele yake kila asubuhi mpaka mwisho, je, mtu mzima yule alikuwa mjinga? Akasema yeye mwenyewe amepona, hakohoi tena, amelima robo eka na mtoto mgongoni. Wanga gani huo unaomlimisha mtu? Hakuwa amepaza sauti. Alikuwa ananionea aibu, kama mtu anayemkamata mgeni wake akiiba kijiko.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Prisca, nakuomba."

Aliingia ndani akatoka na kopo. Lilikuwa lile lile la kwangu, Mjomba alimwachia yeye lililobaki, lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Nilidhani ananipa. Alilifungua, akatoa vidonge viwili. Kimoja akakimeza bila maji, akinitazama. Cha pili akakivunja kwenye ule mstari wa katikati, akamtia mwanawe nusu mdomoni, akamfunika mdomo kwa kiganja mpaka mtoto akameza.

"Haya," akasema, akifunga kopo. "Hivi tulivyomeza hamtaviuza."